Kigoda Kisicho na Kwao

Siku ile tulikuwepo Bi Mwanamosi, mama wa mume wangu, ambaye ndiye mwenye hadithi. Mimi na mwanangu Rehani, aliyekuwa bado ananyonya. Wifi yangu Hadia, aliyekuwa anachambua choroko. Na watoto watatu wa nyumba ile, Sudi, Mwanjaa, na Tunu aliye mdogo kuliko wenzake. Hakuwepo mwingine, ila kuku waliokuwa wanapanda kulala.

Mchana wake mwiko ulikuwa umenivunjikia nikisonga ugali, nikautupa penye kuni. Bi Mwanamosi aliuona. Hakunikaripia. Alisogeza mkeka upande usio na moshi, kwa ajili ya mtoto, akaketi, akaita nasi tukaitika:

Paukwa!

Pakawa!

Mti ulikuwepo?

Ulikuwepo, ukaingia nyumbani.

Moto ulikuwepo?

Ulikuwepo, ukakosa cha kula.

Haya, sogeeni. Asiyeniona anisikie.

Hapo kale palikuwa na mji mdogo nyuma ya vilima, na katika mji huo watu hawakuchoma chombo cha mti kilichowahi kukaa nyumbani.

Kinu kikipasuka, kilipelekwa kwa mchongaji, kikawa kigoda. Kigoda kikivunjika mguu, kilirudi kwa mchongaji, kikawa mwiko. Mwiko ukiliwa ncha, ulirudi tena, ukawa chanuo. Na chanuo likiisha meno, alipewa mtoto alichezee mpaka lipotee lenyewe mchangani.

Na kila kilipogeuzwa, kilichongwa sura. Kigoda kilichongwa ubavuni, mwiko ulichongwa mpinini, chanuo lilichongwa kichwani. Sura yenyewe ilikuwa ya yule aliyekishika chombo kile kuliko watu wote. Ndiyo maana katika mji ule mtoto aliweza kuchanwa nywele na mama wa bibi yake, ambaye hakuwahi kumwona.

Mchongaji alikuwa mwanamke, jina lake Mashavu. Kazi alifundishwa na baba yake. Alikuwa na tezo, alikuwa na patasi, alikuwa na majani makavu ya msasa ya kulainishia.

Lakini kabla ya kugusa patasi, Mashavu alikiweka mapajani chombo kilichovunjika, kama mtu anavyompakata mtoto, akakiuliza:

"Gogo, umekula wapi?

Gogo, umelala wapi?

Gogo, nani alikushika?"

Mti haukujibu. Waliojibu ni wenye chombo, waliokileta. Walisema, "Limekula kwetu, mwaka wa njaa na mwaka wa shibe." Walisema, "Limelala jikoni kwetu, karibu na mafiga." Walisema, "Alilishika mama yetu, mpaka mkono wake ukaacha alama."

Hapo Mashavu alifumba macho, akaipapasa ile alama kwa vidole, akaanza kuchonga. Mdomo kwanza, pua baadaye, na macho mwisho.

Basi Mashavu alikuwa na binti mmoja tu, Siwema, aliyekuwa anang'oka meno ya mbele. Siku moja Siwema akasema, "Mama, nataka kigoda changu."

"Si ukalie hicho cha babu."

"Kila ninapokaa pana mtu. Nikikaa huku ni babu, nikikaa kule ni shangazi. Nataka pangu, pasipo na mtu."

Mashavu akacheka. "Basi ngoja kinu cha mtu kipasuke."

Siwema akangoja. Kinu hakikupasuka. Akaanza kwenda nyumba kwa nyumba, anasimama mlangoni, anatazama watu wakitwanga. "Bi mkubwa," anasema, "twanga kwa nguvu kidogo."

Watu wakamwambia Mashavu, "Mwanao anaviombea mabaya vinu vyetu."

Siku moja wakata miti walipita, wakaacha kando ya njia kipande cha mninga. Lilikuwa gogo bichi. Mninga ukikatwa hutoka utomvu mwekundu, na gogo lile lilikuwa bado linachuruzika. Mashavu akaliokota, akaenda nalo nyumbani, akalipakata.

"Gogo, umekula wapi?"

Kimya.

"Gogo, umelala wapi?"

Kimya.

"Gogo, nani alikushika?"

Kimya. Tone jekundu likadondoka kwenye kanga yake.

Hapakuwa na mtu wa kulijibia, maana lilikuwa halijaingia nyumba yoyote. Moyo wa Mashavu ukasema, ngoja. Mkono wake ukasema, mtoto anasubiri. Akaufuata mkono.

Akachonga kigoda cha miguu mitatu. Ubavuni akakichonga sura, na sura ile haikuwa ya mtu yeyote. Mdomo akaupasua mpana, ili kionekane kinacheka. Macho akayachonga mwisho. Alipomaliza, macho yakachuruzika utomvu. Mashavu akayapangusa kwa ncha ya kanga, akampa mwanawe kigoda.

Siwema alifurahi siku nzima. Alikaa mlangoni, akainuka, akakaa tena. Jioni alikwenda kuwaonyesha watoto wenzake. "Hapa hapana mtu," akawaambia. "Ni mimi tu."

Kesho yake adhuhuri, jua lilipokaa juu ya utosi na vivuli vikajificha chini ya nyayo, mji mzima ulilala. Siwema naye alilala mkekani, kichwa chake juu ya kigoda. Alipoamka, kichwa kilikuwa chini mkekani. Kigoda hakipo.

Baada ya hapo vitu vikaanza kupotea, na vyote vilipotea adhuhuri, saa ya usingizi. Alipotea kuku wa mayai, pamoja na mayai yake. Kikapotea chungu cha kunde, pamoja na kunde zake. Akapotea mbuzi, pamoja na kamba yake. Na kila mahali palipopotea kitu palibaki tone moja jekundu.

Siku moja zimwi likaingia mjini waziwazi.

Lilikuwa refu, kama mlango uliosimama juu ya mlango. Lilikuwa jekundu. Lilikuwa na miguu mitatu, na lilitembea taratibu kama mtu anayetembea usingizini. Mdomo wake ulikuwa mpana, unacheka, lakini macho yake yalichuruzika.

Likafika nyumba ya kwanza, kwa Mzee Mwinyimvua. Mzee huyu alikuwa hakosi jibu. Ukimuuliza mvua itanyesha lini, anajua. Ukimuuliza kuku wako kataga wapi, anajua.

"Hodi," likasema zimwi.

"Karibu, nani wewe?"

"Nimekula wapi? Nimelala wapi? Nani alinishika?"

Mzee Mwinyimvua akaona miguu, akainua macho, akaona mdomo. Akasema, "Aa, kumbe wewe. Umekula kwangu, umelala kwangu, na mimi mwenyewe nilikushika ulipokuwa mdogo."

Zimwi likainama, likamnusa viganja.

"Mikono yako hainijui," likasema. Likammeza. Halikumtafuna. Lilimmeza mzima, kama mtu anavyomeza funda la maji.

Likafika nyumba ya pili, kwa Kibwana mwindaji. Kibwana alikuwa na shoka.

"Nimekula wapi? Nimelala wapi? Nani alinishika?"

"Sijui," Kibwana akasema, "na sitaki kujua." Akalipiga shoka la paja. Shoka likazama, likanasa kwenye utomvu, lisitoke. Kibwana akavuta, akavuta.

Zimwi halikukasirika. Lilimwambia, "Nimekuuliza tu." Likammeza.

Likafika nyumba ya tatu, kwa Mashavu. Mashavu alikuwa amekwenda mtoni kuchota maji. Nyumbani alikuwepo Siwema peke yake.

Siwema akalitazama kutoka chini hadi juu. Akaujua ule mdomo.

"Kigoda changu," akasema. "Umekua."

"Nimekula wapi? Nimelala wapi? Nani alinishika?"

Siwema akafikiri vizuri, maana alikuwa mtoto wa mchongaji. "Kula hujala," akasema. "Kulala, ulilala na mimi mchana mmoja, tena ukaondoka. Na kushikwa..."

Akanyoosha mkono ili alishike.

Lakini zimwi lile lilikuwa halijanyooshewa mkono na mtu. Halikujua mkono ulionyooshwa ni wa nini. Likammeza Siwema, mkono wake ukiwa mbele.

Mashavu aliporudi alikuta tone jekundu mlangoni. Alichovya kidole, akanusa. Akatua mtungi. Akakaa chini palepale kizingitini, asipige ukunga, kwa sababu alijua ni patasi ya nani iliyoupasua mdomo ule.

Watu wakakusanyika. Mmoja akasema, "Tulichome." Mwingine akasema, "Tulikate vipande."

Bibi Kidawa, aliyekuwa mkongwe kuliko wote na haoni vizuri, akasema, "Mkilichoma mtawachoma na waliomo. Mkilikata mtawakata na waliomo."

"Basi tungoje life lenyewe, bibi."

"Mti haufi, wajukuu zangu. Mti hukauka. Na gogo bichi likikauka hujikunja, na mdomo wake hujifunga. Kaskazi, upepo wa kiangazi, imeanza kuvuma. Siku mdomo ule utakapojifunga, Siwema hatatoka, wala wenzake."

Mashavu akaingia ndani. Hakujua la kufanya. Akachukua chanuo lake, lenye sura ya marehemu mama yake, akaanza kujichana taratibu, kama mama yake alivyokuwa akimchana zamani. Upepo ulikuwa wa joto. Mkono ukawa mzito. Usingizi ukamchukua, chanuo likiwa bado nyweleni.

Katika usingizi ule alisikia sauti nyuma ya kichwa chake.

"Mwanangu, mbona nywele zako zimefungamana hivi?"

"Mama, Siwema amemezwa."

"Najua. Tulia nikuchane." Akamchana kidogo. "Uliliuliza gogo, mwanangu, lakini hukungoja jibu."

"Hapakuwa na wa kujibu, mama."

"Basi jibu wewe. Tena usilidanganye."

Mashavu akaamka, na nywele zake zote zilikuwa zimechanwa vizuri.

Akapika uji wa mtama, chungu kizima. Akachukua mwiko. Akakunja mkeka wa Siwema, ule uliokuwa na tundu pembeni. Akatafuta mafuta ya nazi, yakawa hayatoshi, kijiko kimoja tu chini ya kibuyu.

Basi akaja mke wa Kibwana. Huyu naye mumewe alikuwa tumboni mwa zimwi, na yeye mwenyewe alikuwa mjamzito, miezi yake imekaribia. Hakuuliza kosa la nani. Alimpa Mashavu kibuyu kilichojaa.

"Haya ni mafuta ya mtoto," akasema, "niliyomwekea akizaliwa. Chukua. Yeye atangoja."

Mashavu akakipokea kibuyu. Akamshika mkono tu, akaondoka.

Akafuata matone mekundu. Yalipita shambani, yakapita bondeni, yakaingia msituni. Jua lilikuwa utosini. Majani hayakutikisika. Vipepeo weupe walikuwa wametua juu ya kila tone, na Mashavu alipopita waliruka, wakatua tena nyuma yake, kana kwamba wanamfungia njia asirudi. Alikwenda, akaenda, akaenda, mpaka hakujua kama anatembea au anaota.

Akalikuta zimwi kwenye uwazi katikati ya msitu. Lilikuwa limesimama kando ya kisiki cha mninga, kisiki chake. Lilikuwa linajaribu kujisimamisha juu yake, linateleza, linajaribu tena, kama mtoto anayejaribu nguo ya mwaka juzi.

Mwili wake ulikuwa umeanza kupata nyufa. Na ule mdomo uliokuwa mpana kama mlango ulikuwa umepungua, umekuwa kama dirisha.

Zimwi likageuka. "Nimekula wapi?"

Mashavu akatua chungu, akajibu. "Hujala popote. Nilikutoa msituni, nikakupa mdomo, nisikupe chakula. Kosa ni langu. Kula sasa."

Akachota uji kwa mwiko, akaupuliza upoe, akalilisha. Akachota tena, akaupuliza, akalilisha. Zimwi lilizoea kumeza kwa pupa, lakini uji wa kupulizwa haumezwi kwa pupa. Lilikula polepole. Chungu kikaisha.

"Nimelala wapi?"

"Hujalala popote. Ulilala na Siwema mchana mmoja, na usingizi wa mara moja haumtoshi mtu. Lala sasa."

Akatandika mkeka wa Siwema chini ya kivuli. Ulikuwa mdogo, ulitosha kichwa tu. Zimwi likalala, likakiweka kichwa pale, na Mashavu akaliimbia, kama alivyokuwa akimwimbia mwanawe:

"Lala, mti, lala,

jua litakupisha,

lala, mti, lala,

mama hajakwisha."

"Nani alinishika?" zimwi likauliza, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

"Hakuna aliyekushika. Mimi nilikuchonga tu. Kuchonga si kushika." Mashavu akamimina mafuta viganjani, akayasugua yapate moto. Akaanza kulipaka. Akalipaka mashavu, akalipaka nyuma ya masikio, akaingiza mafuta katika kila ufa kwa kidole, kama mtoto mchanga anavyopakwa mikunjo ya shingo.

Na kwa kuwa mti ukipata mafuta hulainika, mdomo ulioanza kujifunga ukaachia. Zimwi likapiga mwayo.

Akatoka kuku wa mayai, anatembea juu ya vidole. Kikabingirika chungu. Akatoka mbuzi, na kamba yake. Akatoka Mzee Mwinyimvua, kimya, hana jibu la kitu chochote. Akatoka Kibwana mwindaji, anajishika mabega.

Siwema hakutoka.

Mashavu akangoja. Siwema hakutoka. Mafuta yakaanza kunyweka, mdomo ukaanza kurudi, taratibu, na Siwema hakutoka.

Basi Mashavu akaingiza kichwa mdomoni mwa zimwi. Ndani mlinukia maranda mapya ya mti. Mwanga ulikuwa mwekundu, kama ule mtu anaouona akifumba macho juani. Na kule mwisho aliketi Siwema, amekikumbatia kiini cha ule mti, mikono yote miwili.

"Mwanangu, toka."

"Siwezi, mama. Nikikiachia kinatetemeka."

"Umekishika tangu lini?"

"Tangu nilipoingia. Mkono wangu si ulikuwa umeshanyooshwa?"

Mdomo ulikuwa sasa kama mlango wa kizimba cha kuku. Mashavu angeweza kumvuta kwa nguvu. Mama gani asingevuta? Lakini alitazama uso wa mwanawe, akaona hapa si mahali pa kuvuta.

Akaingiza mkono mpaka begani, akaweka kiganja juu ya kiini, kando ya vidole vya Siwema. Kweli kilikuwa kinatetemeka, kama kifaranga aliyelowa mvua.

"Huu ni mkono wangu," akasema. "Ndio uliokuchonga bila kukungoja. Sasa ndio huu unaokushika. Twende nyumbani, uwe na kwenu."

Kutetemeka kukapungua. Siwema akaachia kidole kimoja, akasikiliza. Akaachia kingine, akasikiliza. Akaachia vyote. Kisha akatambaa kando ya mkono wa mama yake, akapenya mdomoni, akaanguka nyasini, amepakaa utomvu na mafuta mwili mzima kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

Lakini mkono wa Mashavu ulikuwa bado ndani, na mdomo unajifunga. Ukafika begani. Ukateremka mpaka kwenye kiwiko. Ukafika kwenye kifundo cha mkono.

Hapo ukasimama. Haukumbana. Ulimngoja.

Mashavu akautoa mkono wake taratibu, na zimwi likaanza kupungua, likapungua, likapungua, mpaka pale mkekani pakabaki kigoda chekundu cha miguu mitatu, kimelala ubavu.

Wakarudi mjini. Siwema alikibeba kigoda kifuani. Walipofika penye nyumba ya kwanza, watu walikuwa wamewasha moto mkubwa.

"Kitie humo," wakasema.

"Katika mji huu hatuchomi chombo cha nyumbani," Mashavu akasema.

"Hicho chombo cha nyumba gani? Hicho ni zimwi, Mashavu. Wewe mtoto wako umempata, sisi tulale vipi?"

Mashavu akasimama kati yao na Siwema. Ndipo Bibi Kidawa akasema, "Kibwana, wewe ulimezwa. Tena ndiwe uliyekipiga shoka. Sema wewe."

Kibwana akakitazama kigoda. Mkewe alikuwa amesimama karibu naye, anamkung'uta maranda mgongoni.

"Ndani mlikuwa na baridi," Kibwana akasema. "Nilidhani naisikia peke yangu. Baadaye nikaona hata lenyewe linatetemeka."

Akavua shuka lake begani, akakifunika kigoda. Watu wakautazama moto, wakaanza kuumwagia maji mmoja mmoja.

Tangu siku ile kigoda kilizungushwa mji mzima. Leo kimealikwa nyumba hii, kesho nyumba ile. Wakila, kiliwekwa kwenye duara na kupakwa ukoko wa uji mdomoni. Wakilala, kililala karibu na mafiga. Mtoto wa Kibwana alijifunza kusimama kwa kukishika. Mzee Mwinyimvua alipenda kukikalia jioni, na watoto walipomuuliza mvua itanyesha lini, alisema, "Sijui, wanangu. Tungoje."

Miaka ikapita, mingi. Bibi Kidawa alikufa, akachongwa. Mashavu alizeeka, naye akafa, na Siwema akarithi patasi yake.

Siku moja kwenye harusi alikuja mgeni, shangazi mmoja mnene wa kutoka mbali, akajitupa juu ya kigoda. Mguu ukavunjika. Shangazi akaona haya, akataka kulipa, lakini watu wakamwambia, "Shangazi, umetutendea jema. Tumengoja siku hii."

Wakampelekea Siwema. Akakipakata. Mji wote ulisimama uani.

"Gogo, umekula wapi?"

"Kwetu," wakasema wote kwa pamoja. "Kwetu. Kwetu." Ikambidi Siwema awanyamazishe kwa mkono.

"Gogo, umelala wapi?"

"Kwetu. Na kwetu. Na kwetu pia."

"Gogo, nani alikushika?"

Hapo watu wote wakamtazama yeye. Siwema akafumba macho, akapapasa mti ule kwa vidole. Ndani ya mdomo, mahali palipokuwa pamebaki upenyo, akakuta alama. Ilikuwa laini, pana kiasi cha kifundo cha mkono wa mtu mzima.

"Alilishika mama," akasema.

Akachonga mwiko. Mpinini akachonga sura ya Mashavu, nywele zake zimechanwa vizuri. Mdomo kwanza, pua baadaye, na macho mwisho. Macho yale yalikuwa makavu.

Mafunzo yake ni haya: ukiuliza, ngoja jibu. Na kitu ulichokileta duniani, kilishe, kilaze, kishike, kisije kikazunguka kikiuliza watu njiani.

Hadithi yangu imeishia hapo, kizingitini. Mwenye kuitaka aiingize ndani, aipe pa kukaa.

Bi Mwanamosi aliinuka, akamchukua Rehani mikononi mwangu ili nami nile, na watoto wakaenda kunawa.

Asubuhi nilipokwenda kuwasha moto, mwiko uliovunjika haukuwepo penye kuni. Niliukuta kitandani kwa Tunu, umelazwa kando yake, umefunikwa ncha ya kanga.